Istilahi za Kumbukumbu ya Kompyuta: Hitilafu za Kiini na Marekebisho Yake

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, tunakusudia kueleza kwa Kiswahili aina moja ya hitilafu zinazotokea ndani kabisa ya kompyuta, yaani zile zinazohusu usimamizi wa kumbukumbu katika kiini cha mfumo endeshi. Pili, tunakusudia kupendekeza istilahi za kuzitajia hitilafu hizo na marekebisho yake, na kutoa sababu za kila pendekezo, ili wasomaji waweze kuyakubali au kuyakataa kwa hoja.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili linamhusu mtu yeyote asiyekuwa fundi. Jibu letu ni kwamba linawahusu wengi. Simu nyingi wanazotumia wachuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, huendeshwa na mfumo wa Android, na ndani ya mfumo huo kimo kiini cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Mchuuzi anayepokea malipo kwa simu ameiweka fedha yake chini ya ulinzi wa kiini hicho. Kiini kikiwa na ufa, fedha hiyo imo hatarini. Akiambiwa kwamba hana budi kusasisha simu yake, naye akauliza sababu, yafaa apewe jibu kwa lugha anayoitumia kuuzia dagaa wake.

Katika jambo hili Kiswahili kimechelewa, na sababu zake zinajulikana. Serikali ya Tanzania iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 ilitolewa amri ya kukataza kuingiza kompyuta nchini, hivyo kwa muda mrefu mashine hizi zilikuwa chache na waliozizungumzia walikuwa wachache zaidi. Zilipoenea, mjadala mkubwa ulikuwa juu ya jina la mashine yenyewe: wengine walisema ngamizi, Wakenya wengi wakashika tarakilishi, na Tanzania ikazoea kompyuta. Baadaye mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa, mwaka 2004, programu za ofisini kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilituzoeza maneno kama faili, hariri na hifadhi. Lakini hayo ni maneno ya sebuleni, yaonwayo na mtumiaji kwenye kioo. Maneno ya chumba cha ndani, anamofanyia kazi fundi, bado hayajakaa sawa.

Mifano yetu tumeichukua kutoka Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa huko wana uzoefu mkubwa wa kuweka mali ghalani, kuiandikia leja na kuitoa kwa stakabadhi, iwe ni marobota ya pamba au magunia ya dagaa; na usimamizi wa kumbukumbu ni kazi ya ghala. Pili, ziwa hilo limekwisha kukipa Kiswahili istilahi zinazotumika hata katika maandishi ya serikali. Leo afisa uvuvi akiandika mwalo, au sato, au furu, hatafuti neno la kigeni, na msomaji wa Tanga au Mtwara ambaye hakulizoea neno hilo hujifunza. Ni ushahidi kwamba neno la mahali pamoja laweza kuwa la taifa zima likiwa na kazi ya kufanya.

2. Kiini na kazi yake

Mfumo endeshi ni mkusanyiko wa programu zinazoiwezesha kompyuta kufanya kazi. Sehemu ya ndani kabisa, inayosema na vyuma vya mashine moja kwa moja na yenye mamlaka juu ya programu nyingine zote, tunaiita kiini. Neno hili lafaa. Kiini cha yai na kiini cha habari vyote ni sehemu ya ndani inayobeba uzima wa kitu. Nalo ni neno fupi, linakubali wingi, na halina mgongano na istilahi nyingine ya fani hii.

Miongoni mwa kazi za kiini ni kuigawanya kumbukumbu kwa programu zinazoihitaji. Katika kompyuta nyingi kumbukumbu hukatwa vipande vilivyo sawa, kila kimoja kikiwa na baiti 4,096. Kipande kimoja huitwa ukurasa. Tuchukue mfano wa ghala la chama cha ushirika wakati wa msimu wa pamba. Sakafu ya ghala imechorwa mistari na kugawanywa katika viwanja vyenye namba. Mkulima hawezi kujiingilia na kuweka mzigo apendapo. Humwendea mtunza ghala, naye humtengea kiwanja, huandika katika leja, na kumpa stakabadhi yenye namba ya kiwanja hicho. Mzigo ukiondolewa, mtunza ghala hufuta jina katika leja, na kiwanja hupewa mwingine.

Katika mfano huu ghala ni kumbukumbu, kiwanja ni ukurasa, mtunza ghala ni kiini, mkulima ni programu, na stakabadhi ni kile tunachokiita kielekezi, yaani namba inayoonyesha mahali kitu kilipo. Hitilafu karibu zote tutakazozitaja hutokana na leja, stakabadhi na sakafu kutokubaliana.

Hapa pana suala la neno kumbukumbu lenyewe. Kwa Mswahili, kumbukumbu ni jambo lililowekwa lisipotee: kumbukumbu za mkutano, siku ya kumbukumbu ya mashujaa. Lakini kumbukumbu tunayoizungumzia husahau yote mara umeme ukatikapo. Kinachobaki ni kile kilichoandikwa katika diski, nacho tumezoea kukiita hifadhi. Kwa kuwa neno kumbukumbu limekwisha kuenea, hatuoni faida ya kulipinga. Tunapendekeza tu kwamba palipo na hatari ya kuchanganya, isemwe kumbukumbu ya muda kwa hiyo ya kwanza na hifadhi ya kudumu kwa hiyo ya pili. Mkazi wa Mwanza atakayeona kwamba hifadhi ni jina la Kisiwa cha Saanane na wanyama wake hatakuwa amekosea. Maana ni ileile ya mahali pa kutunzia.

3. Mdudu au hitilafu?

Waingereza na Wamarekani huliita kosa la programu kwa jina la mdudu. Hadithi isimuliwayo mara nyingi ni ya nondo aliyekutwa ndani ya mashine ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1947, akabandikwa katika daftari la kazi. Lakini mafundi walikwisha kulitumia neno hilo kwa maana ya kasoro tangu karne ya 19. Baadhi ya wafasiri wetu wamelichukua neno hilo kama lilivyo na kusema dudu.

Sisi hatuliungi mkono. Katika nchi ya pamba mdudu ni adui anayetoka nje: funza wa vitumba huingia shambani, naye huuawa kwa dawa. Kosa la programu halikuingia kutoka nje. Liliandikwa humo na mtu, kwa bahati mbaya au kwa haraka, na huondolewa kwa kuandika upya. Tena, katika kompyuta wapo wavamizi wa kweli wanaotoka nje, yaani virusi, nao ndio wanaostahili lugha ya wadudu na dawa. Tukiviita vitu hivi viwili kwa jina la jamii moja, msikilizaji atadhani kwamba dawa ya virusi itatibu na kosa la kiini, jambo ambalo si kweli. Neno hitilafu lipo, lafahamika na kila fundi wa umeme na wa magari, na linaonyesha kwamba chombo chenyewe kina kasoro. Nalo litumike.

4. Aina za hitilafu

4.1 Kumbukumbu isiyorudishwa. Programu, au kiini chenyewe, huomba ukurasa, hukitumia kilichomo, kisha huusahau bila kuurudisha. Leja inaonyesha kwamba kiwanja kina mwenyewe, ilhali mwenyewe amekwisha kwenda zake na stakabadhi imepotea. Kosa kama hilo likirudiwa kila saa, mwishowe ghala huonekana limejaa ingawa nusu yake ni tupu. Kompyuta hupungua kasi siku hata siku. Ikizimwa na kuwashwa tena hupata nafuu, kisha hurudia hali ileile. Upungufu ukizidi, kiini cha Linux huchagua programu moja na kuiua ili nyingine zipate nafasi.

Kwa Kiingereza hitilafu hii imepewa jina la kuvuja, na wafasiri wengi wamesema kuvuja kwa kumbukumbu. Tunaliona jina hili kuwa la hatari kupita mengine yote katika orodha yetu. Tanzania nzima inajua maana ya kuvuja: mtihani ukivuja, siri imewafikia wasiostahili kuijua. Mkurugenzi wa hospitali akiandikiwa kwamba kompyuta yake inavuja kumbukumbu, atahofu kwamba habari za wagonjwa zimetoka nje, kumbe hakuna kilichotoka. Nafasi tu ndiyo iliyokwama. Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Zipo hitilafu ambazo kwa kweli huvujisha yaliyomo katika kumbukumbu, kama ile iliyotangazwa Aprili 2014 kwa jina la Heartbleed, iliyokuwa katika programu ya usimbaji iitwayo OpenSSL, ambayo ilimwezesha mtu wa mbali kusoma vipande vya kumbukumbu ya mashine, hata maneno ya siri. Tukilitumia neno kuvuja kwa ile hitilafu isiyo na madhara ya siri, tutaita nini hii yenye madhara? Kwa hiyo tunapendekeza kukwama kwa kumbukumbu kwa ile ya kwanza, na kuvuja tuliache kwa ajili ya habari zinazovuja kweli.

4.2 Matumizi baada ya kurudisha. Hapa kosa ni kinyume cha hilo la kwanza. Kiwanja kimerudishwa, leja imefutwa, lakini mkulima amebaki na stakabadhi ya zamani mfukoni. Kiwanja kinapewa mtu wa pili. Yule wa kwanza anarudi na stakabadhi yake na kuanza kuuchukua mzigo ambao si wake, au kuubadilisha na mwingine. Katika kompyuta mtu mwovu aweza kupanga kwamba ukurasa uliorudishwa uangukie mikononi mwake, akauandika atakavyo, kisha akakiacha kiini kiusome kwa kudhani ni kile kilichokiandika chenyewe. Kwa njia hiyo mtu asiye na mamlaka hujipatia mamlaka yote ya mashine.

Stakabadhi hiyo iliyopitwa na wakati yataka jina. Tunapendekeza kielekezi hewa. Watanzania wamezoea kusema mfanyakazi hewa kwa mtu ambaye jina lake limo katika orodha ya mishahara ilhali mwenyewe hayupo kazini. Kielekezi hewa ni namna hiyohiyo: namba ipo, kinachoonyeshwa hakipo. Kisichanganywe na kielekezi kitupu, ambacho kimeandikwa kwa makusudi kwamba hakionyeshi popote.

4.3 Kurudisha mara mbili. Kiwanja kimoja kikirudishwa mara mbili, leja itakionyesha kuwa wazi mara mbili, na watu wawili watapewa mahali pamoja. Jina hili halihitaji maelezo zaidi. Twapenda kusema hapa kwamba tumechagua kitenzi kurudisha na kukikataa kuweka huru, kinachopatikana katika tafsiri kadha. Ukurasa haukuwa mtumwa wala mfungwa hata ukombolewe. Ulikuwa umetengwa, na sasa umerudishwa. Na kwa kufuata hoja hiyohiyo twapendelea kutenga kuliko kugawa, kwa kuwa kilichogawiwa ni cha mtu moja kwa moja, lakini kilichotengwa hubaki mali ya aliyekitenga, kama fedha zitengwavyo katika bajeti.

4.4 Kufurika. Programu imetengewa nafasi ya baiti mia, nayo ikaandika mia na ishirini. Zile ishirini huingia katika nafasi ya jirani na kuharibu kilichokuwamo. Hapa lugha yetu ina neno kamili. Maji ya mtungi humwagika yakapotea, lakini ya mto na ya ziwa hufurika: huvuka ukingo na kuingia shamba la mwingine. Waliokuwa wakiishi kando ya Ziwa Viktoria mwaka 2020, maji yalipopanda hata kuzikuta nyumba na mialo, hawahitaji kuelezwa kwamba madhara ya kufurika humpata jirani.

4.5 Kupishana. Tajiri mmoja ana wauzaji wawili sokoni. Kila mmoja achungulia na kuona magunia kumi ya dagaa yamebaki. Kila mmoja, kabla mwenzake hajaandika, huwauzia wateja wake magunia yaleyale kumi. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Kosa limo katika upenyo wa muda kati ya kutazama na kuandika. Kompyuta za leo hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, na upenyo kama huo, hata ukiwa mfupi kuliko kupepesa jicho, hatimaye humkuta mtu. Wafasiri wamejaribu kuita hali hii mashindano au mbio, kwa kufuata Kiingereza. Lakini wauzaji wetu hawakushindana, bali walipishana. Tunapendekeza hitilafu ya kupishana.

5. Mfano mmoja wa marekebisho

Ili msomaji aone jinsi istilahi hizi zinavyofanya kazi pamoja, tueleze hitilafu moja ya kweli, iliyotangazwa Oktoba 2016 na kujulikana ulimwenguni kwa jina la Dirty COW, maana yake ng'ombe mchafu. Mfugaji wa Usukuma asihuzunike, ng'ombe hakuhusika. Herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la mbinu inayohusika hufanya neno la kumtaja mnyama huyo. Mbinu yenyewe twaweza kuiita nakala wakati wa kuandika.

Programu mbili zikitaka kusoma kitu kilekile, kiini hakizitengei kurasa mbili. Huzipa zote ukurasa mmoja. Moja ikitaka kuandika, ndipo kiini huitengenezea nakala yake yenyewe, na ule wa asili hubaki salama. Ni njia ya kuokoa nafasi. Lakini tangu mwaka 2007 kulikuwa na upenyo katika Linux. Kiini kilipoombwa kuandika katika ukurasa wa kusomwa tu, kilitengeneza nakala, kisha kikaifuta alama ya kwamba ombi lilikuwa la kuandika, kwa kudhani kuwa nakala ipo na hatari imekwisha. Mtu mwovu aliweza kuendesha mikondo miwili ya kazi: mmoja unaandika, mwingine unaitupa nakala mara tu itengenezwapo. Mikondo hiyo ikipishana kwa namna fulani, kiini kilirudi, hakikuiona nakala, hakikukumbuka kwamba ombi lilikuwa la kuandika, kikauchukua ukurasa wa asili na kuandika humo. Hivyo mtu aliyeruhusiwa kusoma tu aliweza kubadili mafaili ya mwenye mashine. Simu za Android nazo zilikuwamo hatarini.

Torvalds mwenyewe alieleza kwamba aliwahi kujaribu kuiziba hitilafu hii miaka kumi na mmoja nyuma, lakini marekebisho hayo yakaondolewa kwa kuwa yalileta taabu katika aina fulani ya kompyuta kubwa. Marekebisho ya mwaka 2016 yalikuwa ya mistari michache. Kiini hakikuifuta tena alama ya kuandika. Kiliongezewa alama ya pili, ya kusema kwamba hatua ya kunakili imekwisha kupitiwa, na kikatakiwa kuhakikisha kwamba ukurasa uliopo kweli ni nakala kabla ya kuandika. Kwa lugha ya ghala, mtunza ghala aliacha kutegemea alichokikumbuka, akaanza kuitazama sakafu. Hata hivyo, Novemba 2017 ilitangazwa kwamba marekebisho hayo yalikuwa hayajakamilika kwa kurasa za ukubwa wa pekee, ikabidi yafanyiwe marekebisho mengine. Ndiyo maana mtumiaji huombwa kusasisha mara kwa mara.

Hitilafu nyingi hazigunduliwi kwa macho. Tangu mwaka 2009 kiini cha Linux kina chombo cha kutafuta kumbukumbu iliyokwama, ambacho huipitia kumbukumbu yote na kuuliza, kwa kila nafasi iliyotengwa, kama bado kuna kielekezi chochote kinachoionyesha. Tangu mwaka 2015 kina chombo kingine ambacho, kwa kila baiti nane, huweka baiti moja ya kivuli inayoeleza kama nafasi hiyo yaruhusiwa kutumiwa. Atakayetumia kielekezi hewa hushikwa papo hapo. Na tangu Desemba 2022 sehemu za kiini zaweza kuandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo kanuni zake hukataa makosa mengi ya namna hii kabla programu haijaanza kufanya kazi.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Kiini: sehemu ya ndani ya mfumo endeshi yenye mamlaka juu ya vyuma na programu zote.

Kumbukumbu ya muda: mahali pa kuweka habari wakati kompyuta inafanya kazi.

Ukurasa: kipande cha kumbukumbu chenye ukubwa maalumu.

Kutenga, utengaji: kuipa programu nafasi ya kumbukumbu itumie kwa muda.

Kurudisha, urudishaji: kuiacha nafasi iliyotengwa ili itengewe mwingine.

Kielekezi: namba ionyeshayo mahali pa kitu katika kumbukumbu.

Kielekezi hewa: kielekezi kinachoonyesha nafasi iliyokwisha kurudishwa.

Kielekezi kitupu: kielekezi kilichowekwa kwa makusudi kisionyeshe popote.

Kukwama, mkwamo wa kumbukumbu: hali ya nafasi iliyotengwa kutorudishwa ingawa haitumiki tena.

Kuvuja, uvujaji: kutoka kwa habari kuwafikia wasiostahili.

Kufurika, mfuriko: kuandika kupita mpaka wa nafasi iliyotengwa.

Hitilafu ya kupishana: kosa litokanalo na kazi mbili kutumia kitu kimoja bila utaratibu wa wakati.

Nakala wakati wa kuandika: mbinu ya kuchelewesha kunakili ukurasa hadi mmoja wa wanaoutumia atakapotaka kuuandika.

Marekebisho: mabadiliko ya programu yanayoondoa hitilafu.

7. Hitimisho

Msomaji ataona kwamba karibu maneno yote katika orodha hii ni maneno ya kila siku. Hatukuyatafuta mbali. Tulichofanya ni kuyapa mipaka, ili kutenga kusiwe sawa na kugawa, wala kukwama sawa na kuvuja. Tumependelea pia maneno yanayozaa: kitenzi kinachotoa jina la kazi, jina la mtendaji na jina la matokeo humfaa mwalimu kuliko jina pekee lisiloweza kunyambuliwa.

Kusanifisha ni kazi ya Baraza, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na mapendekezo haya twayaweka mbele yake na mbele ya wanaofundisha kompyuta katika vyuo vya Mwanza, Kisumu, Zanzibar na kwingineko. Wao ndio watakaojua, mbele ya wanafunzi wao, ni neno gani linaloeleweka mara ya kwanza na lipi linalohitaji kuelezwa mara tatu. Hayo ya pili tungependa kuyasikia kwanza.